Ndoo Hazipangwi kwa Rangi

Katika filamu ile bibi yangu anaonekana kwa sekunde kumi na mbili, na sekunde zote hizo anakutukana wewe unayetazama. Amekaa kwenye kigoda chake kando ya bomba, kitambaa kichwani, kidole kimoja juu, na uso wake umeielekea kamera kama mtu aliyekukuta umembeba kuku wake. Nyuma yake zimepangwa ndoo nyingi, za njano upande huu, za bluu upande ule, utadhani ni duka. Chini ya picha wameandika maneno kwa lugha ya kwao, ambayo binti wa dobi alinitafsiria huku akijizuia kucheka: “Wake wenza wagombania maji.”

Mke mwenza wa pili ni mimi. Naonekana pembeni, nusu ya uso, nimeshika ndoo ya kijani na mdomo wazi. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzangu tangu nikiwa mchanga, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, ila huyo aliyeandika nadhani hakubahatika kulelewa na bibi. Sasa kuna watu katika nchi ambazo sitafika wanaoamini kwamba niliolewa na babu yangu, mzee aliyefariki kabla sijaota meno. Hilo nimelizoea. Hata mume wangu huniuliza mara mojamoja kama mwenzake hajambo huko aliko.

Kinachoniuma ni zile ndoo. Nilizipanga mimi.

Enzi hizo mtaa wetu wote ulikuwa na bomba moja, na maji yalikuja siku mbili kwa wiki, saa waliyojisikia wao wenye maji. Hakuna mtu mwenye kazi anayeweza kusimama kutwa nzima akilisubiri bomba likohoe. Kwa hiyo zilisimama ndoo. Asubuhi unaleta ndoo yako, unaiweka nyuma ya ile iliyotangulia, unakwenda zako kazini, na mahali pale ndoo ilipo wewe upo. Watu wa mtaa wetu walikuwa na mengi. Walikopa masufuria wakasahau kuyarudisha, walisengenyana mpaka koo zikakauka, na mmoja aliwahi kutoroka na mke wa jirani kisha akarudi wiki mbili baadaye kuchukua redio yake. Lakini kusogeza ndoo ya mwenzako, hapana. Hilo hata watoto wadogo walilijua kabla ya kujua kuvaa viatu.

Mwenye foleni alikuwa bibi. Hakuna aliyemchagua. Aliwahi tu kukaa pale siku ya kwanza bomba lilipowekwa, na hakuinuka tena kwa miaka thelathini. Maji yakija, anaita: “Muuza mkaa! Dobi! Mama Pacha!” Na huyo aliyeitwa anatoka mbio huko aliko, anakinga, anaondoka. Nyumba sitini, hana kalamu wala karatasi, na sikuwahi kusikia amekosea hata moja.

Siri yake niliijua mimi peke yangu: bibi alikuwa haoni.

Ilianza miaka mitano kabla ya watu wa filamu, kwa ukungu kidogo. Kwanza ilimshinda sindano, halafu sura za watu, halafu kikabaki kivuli na mwanga tu. Aliweza kutofautisha dirisha na ukuta, na kuku na paka kwa kuwa kuku hatulii. Aliniapisha nisimwambie mtu. “Mtu akishaonewa huruma, mke mwenzangu, hapewi tena kazi,” aliniambia. “Anapewa uji.” Na kazi ile ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi akavaa vizuri. Niliwahi kumwona akiugua homa ya siku tatu, na siku ya maji ilipofika akainuka kitandani kama aliyetumwa.

Basi nikawa macho yake. Saluni yangu ilitazamana na bomba, hatua kumi tu, kwa hiyo niliweza kusuka kichwa cha mteja huku nikimlinda. Asubuhi nampeleka, namkalisha, najifanya namnong’oneza umbea kumbe namwambia nani kapita na nani kanuna. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Bahati nayo ilitusaidia, maana miaka hiyohiyo watu wa mtaani waliingiwa na adabu ambayo sikujua imetoka wapi. Mtu akija kuweka ndoo anapaza sauti: “Bibi, shikamoo, dobi hapa, niko nyuma ya muuza mkaa!” Bibi anaitikia, anayarudia yale maneno chini kwa chini mara moja, na imeshaingia, haitoki. Nilidhani ni heshima tu kwa mtu mzima. Nilifurahi kwamba dunia haijaharibika sana.

Mmoja tu ndiye aliyekataa adabu hiyo. Tulimwita Karani Mstaafu, mzee aliyehamia mtaani miaka mitatu nyuma akitokea ofisi fulani ya serikali, alikotunza mafaili mpaka akafanana nayo. Shati limepigwa pasi hata siku ya kufua. Kalamu tatu mfukoni. Yeye aliona kupiga kelele za “niko hapa” ni tabia ya sokoni. Alileta ndoo yake, ya bluu, mfuniko mweupe, safi, akaiweka taratibu kama mtu anayeweka faili juu ya meza ya mkubwa, akaondoka bila neno. Ndoo, kwa maoni yake, inajieleza.

Na bibi hakumwita. Hata mara moja. Alimaliza watu wake sitini, akachukua kigoda chake, akanipa mkono, tukaingia ndani, na Karani akabaki na bomba linalodondosha. Miaka mitatu mzee wa watu alichota mwisho. Hakuuliza kwa nini, maana alikuwa na kiburi chake, na bibi hakusema kitu. Walikuwa hawasemezani, nami niliamini kabisa kwamba ni makusudi. Nisiwe mnafiki, nilifurahi pia. Nilimwona yule mzee akikinga vijitone vile na kalamu zake tatu, nikasema moyoni, jifunze kusalimia.

Karani alilipa kisasi kwa njia aliyoijua. Aliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Alipendekeza kila ndoo ipigwe namba kwa rangi nyekundu, kuwe na daftari, na daftari litunzwe na mtu anayejua kusoma na kuandika, kwa kuwa shughuli ya umma haiwezi kuachwa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Alishanunua na kopo la rangi. Mkutano ukapangwa Jumapili. Bibi alipopata habari alicheka kicheko kirefu, halafu usiku ule hakula.

Watu wa filamu walikuja Jumatano, siku nne kabla ya huo mkutano.

Walikuwa watatu, wageni wa ng’ambo waliojifunza Kiswahili. Mwongozaji, kijana mpole mwenye kizibao cha mifuko mingi ambayo sikuona ikitoa kitu. Mpiga picha, aliyetembea kinyumenyume muda mwingi kuliko kimbele. Na msichana wa sauti, aliyebeba fimbo ndefu yenye manyoya mwishoni, ambayo watoto walikubaliana kwamba ni ya kupangusia buibui. Walisema wamekuja kuonyesha maisha ya watu wa hali ya chini mjini. Mwenyekiti aliwaleta saluni kwangu kwa sababu nilikuwa na viti vitatu na kioo, na kwa sababu ninajua mambo ya kila mtu.

Nilikuwa mwenyeji wao siku mbili, na walikuwa na kazi ngumu, masikini. Muuza mkaa, aliposikia anakwenda kupigwa picha, alioga. Alioga kwa bidii, akaja mweupe wa kupendeza hata mkewe akampita njiani bila kumsalimia. Mwongozaji akamwomba kwa upole arudi akapake mkaa kidogo. Kisha ikawa zamu ya dobi, ambaye ana mwanya na hucheka hata akipewa pole.

“Usicheke, mzee wangu,” Mwongozaji akamsihi. “Fikiria jambo la kusikitisha.”

“Jambo lipi?”

“Maisha yako tu.”

Dobi akayafikiria maisha yake kwa makini, akaangua kicheko ambacho kilimlazimu msichana wa sauti avue vile vidude masikioni.

Siku ya pili ilikuwa siku ya maji. Ndoo zilikuwa zimeshajipanga tangu alfajiri, mstari unaopinda kutoka bombani mpaka mlangoni kwa fundi saa. Ilipofika saa sita, jua limesimama wima, maji kwa kawaida hayaji kabla ya alasiri, bibi akaingia ndani kula. Mwongozaji aliinama kwenye kamera akatazama, akaguna, akaniita. “Hebu na wewe tazama.”

Nilitazama. Sijui kama umewahi kuutazama mtaa wako kupitia tundu dogo. Kila kitu kinakaa mahali pake kama kimetulia kukungoja wewe. Nikasema, bila kujua nasema nini, kwamba lile dumu jeusi pale mbele linaziba.

“Unaona?” akawaambia wenzake. “Huyu dada ana jicho la picha!”

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na nikakivaa mpaka masikioni. Ninyi mnaosifiwa kila siku hamwezi kuelewa. Nilikuwa na miaka sita nasuka vichwa vya watu wanaolalamika wamevutwa, na miaka mitano nikiwa macho ya mtu ambaye sikuruhusiwa hata kusema kwamba ni macho yake. Hakuna aliyewahi kuniambia nina jicho. Kwa hiyo alipokuna kidevu akasema rangi za ndoo zimechanganyika, kwamba ingependeza za njano zikae pamoja na za bluu pamoja, hizo mbovumbovu mbele, nilijua jibu ni hapana. Nililijua kama ninavyolijua jina langu. Nikasema, “Dakika tano tu. Halafu tunazirudisha.”

Nikazibeba mwenyewe. Sikuwaachia wao, maana niliona nikizishika mimi kosa litapungua. Nilijiambia kwamba mpangilio ninao kichwani. Mimi si mjukuu wa nani? Nikahamisha za njano, nikahamisha za bluu, na nilipoinua ndoo moja ya kijani nikagundua kwamba sikumbuki nimeitoa wapi. Nikajaribu kurudi nyuma kwa mawazo. Kumi za kwanza nilikuwa nazo. Baada ya hapo, giza.

Na bomba likakohoa.

Lilikohoa mara mbili, likatema kutu, likaanza kumwaga. Saa sita mchana! Watu wakatoka kila mlango. Bibi naye akatoka, anatafuna bado, mkono mmoja umegusa ukuta kama mtu anayetembea kwa maringo tu, akahesabu hatua zake, akakaa kwenye kigoda. Mbele yake, pale watu wanaposimama kubishana naye, ilikuwa kamera juu ya miguu yake mitatu. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

“Muuza mkaa!” akaita.

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba, imeshaanza kujaa, ilikuwa ya njano, ya kinyozi. Zamu ya kinyozi ilikuwa thelathini na kitu. Ya muuza mkaa ilikuwa kule kwenye za bluu, karibu na mwisho. Watu wakasimama. Wakazitazama ndoo. Kisha, taratibu, kama waliokubaliana, wakanitazama mimi na ile ndoo ya kijani mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Muuza mkaa akafungua mdomo, na nikajua yamekwisha: atauliza ndoo yake imefikaje kule, bibi hatajua anaulizwa nini, na Jumapili atapewa uji.

Muuza mkaa akafunga mdomo. Akatembea polepole kando ya zile rangi, akaichomoa ndoo yake, akaja nayo. “Nimefika, Bibi.”

“Dobi!”

Dobi akaikuta yake chini ya mbili nyingine. “Hapa, Bibi.”

Kinyozi mwenyewe, ambaye ndoo yake ilikuwa imeshapata maji robo, aliinyanyua bila kuambiwa, akayamimina yale maji kwenye ndoo ya mwenzake, akarudi nyuma kusubiri zamu yake. Na wote waliofuata hivyohivyo, kimya, wakiokota ndoo zao zilipo na kuzileta zilipoitwa. Niliona kwa macho yangu na sikuelewa. Nilidhani Mungu amewapumbaza kwa muda ili aninusuru mimi.

Walikuwa wameshachota kumi na mmoja Karani alipotokea. Aliziona ndoo zilivyokaa, na uso wake ukang’aa kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi.

“Simamisheni!” akasema. “Nini hii? Ya kwanza ilikuwa ya kinyozi, nimeiona kwa dirisha langu. Sasa wanaitwa watu kutoka kila pembe. Huu ndio utaratibu?”

“Karani, nyamaza,” dobi akamwambia.

“Sinyamazi. Namuuliza mwenyewe. Mama, kwani huoni?”

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba.

“Mama, nakuuliza, huoni?”

Hapo ndipo bibi aliponyanyua kidole. Kwenye filamu ni sekunde kumi na mbili, lakini pale bombani ilikuwa ni dakika nzima na zaidi, na sitayarudia yote kwa kuwa baadhi yanamhusu mama mzazi wa Karani, ambaye hakuwapo kujitetea. Aligusia ofisi, pasi, zile kalamu tatu. Na yote hayo, kwa nguvu zake zote, aliimwagia kamera. Karani alikuwa amesimama kushoto, hatua nne. Mpiga picha alirudi nyuma akakwama ukutani. Aliniambia baadaye kwamba amepiga picha mafuriko na hajawahi kuogopa vile.

“Na kinachokuwasha ni nini?” bibi akaiuliza ile miguu mitatu. “Huna hata ndoo hapa! Miaka mitatu unaandika barua juu ya foleni ambayo hujawahi kuweka hata kopo! Wewe si unachota huko kwa wakubwa wenzako? Ungekuwa na ndoo ningekuita. Nani nimewahi kumwacha bila kumwita? Aseme. Nani?”

Ndoo ya bluu yenye mfuniko mweupe ilikuwa chini, imegusana na kiatu cha Karani.

Alifungua mdomo ajibu. Halafu akakitazama kile kidole. Nilimwona akikifuata, kama mtu anayefuata mstari kwenye kitabu cha ofisi, kutoka kidoleni mpaka kwenye kamera, kutoka kwenye kamera mpaka kwenye macho ya bibi. Akabaki hapo. Mkono ukapanda ukagusa zile kalamu. Kisha akainama, akaikamata ndoo yake kwa mikono miwili, mkono wa ndoo ameubana kwa kidole gumba usilie, akarudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka mwisho wa foleni.

“Ameondoka?” bibi akauliza.

“Ameondoka, Bibi,” dobi akajibu, na Karani pale alipo akazuia pumzi.

Watu walipotawanyika, Mwongozaji aliniingiza saluni na kufunga mlango. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, ya furaha. “Dada, kwa nini hukuniambia? Yule mama haoni! Kipofu anayelinda maji ya mtaa mzima. Hii ndiyo filamu. Hayo mengine yote nayatupa.”

Nilimwomba. Nilimwambia kuhusu Jumapili, nikamwambia kuhusu uji. Alinisikiliza, maana nilishasema alikuwa mpole. Alisema hawezi kuweka jambo ambalo halijathibitishwa, lakini likithibitishwa na watu wawili watatu hawezi pia kulificha, na kwamba dunia itampenda bibi yangu. Ukipendwa namna hiyo na dunia, foleni unaachiwa vipi? Maji yalikuwa yameshamwagika.

Alasiri ile aliwakalisha majirani kwenye kiti changu kimoja kimoja, kamera mbele yao. Swali lilikuwa moja: je, ni kweli yule bibi haoni?

“Bibi?” muuza mkaa akasema. “Juzi kaniambia nina masizi ndani ya sikio. Nilipokwenda kujitazama, yapo.”

“Ananikosoa ninavyonyoa,” akasema kinyozi. “Kutoka palepale alipokaa. Inaudhi sana.”

“Mapacha wangu mimi mwenyewe huwachanganya,” akasema Mama Pacha, “yeye hajawahi.”

Dobi akaketi. Nilijua huyu atacheka, na akicheka kila kitu kitaharibika. Mwongozaji akauliza. Dobi akaitazama kamera, mwanya umefichwa, uso mkavu kabisa ambao sikuwahi kuuona kwake hata msibani. “Anaona,” akasema. Akainuka akatoka.

Nilikuwa nimesimama nyuma na kitana mkononi. Ilinichukua mpaka mtu wa tano au wa sita kuelewa ninachokisikia. Shikamoo Bibi, dobi hapa, niko nyuma ya muuza mkaa. Miaka mitano! Hawakuwahi kuambizana, au labda waliambizana nisipokuwapo, sijui mpaka leo. Wanasema siri ya mtungi aijuaye ni kata, nami nilidhani kata ni mimi peke yangu, kumbe mtaani zilikuwa sitini. Niliwapenda watu wale ghafla, wote, pamoja na yule mwenye redio, nikaona aibu.

Ndipo akaingia Karani, hakuitwa. Alikuwa amebadilisha shati.

Huyu hakuwa mwenzao; hakuambiwa na mtu yeyote maana ya zile salamu, aliachwa mwenyewe na heshima zake mbele ya bomba kavu. Alikuwa na barua, alikuwa na mkutano, alikuwa na kopo la rangi. Alihitaji maneno mawili tu na foleni ni yake. Alikaa, akanyoosha suruali magotini, akataka kwanza cheo chake kiandikwe.

“Nimefanya kazi masjala miaka thelathini na mmoja,” akaanza. “Sijawahi kuweka sahihi yangu kwenye jambo ambalo sikulihakiki. Yule mama anaona. Anaona kuliko hiyo mashine yenu.”

“Lakini mzee,” Mwongozaji akasema, “leo alikuwa anakutukana wewe, na alikuwa anatazama kamera.”

Karani akafikiri kidogo.

“Alikuwa ananidharau, kijana,” akasema. “Mtu akikudharau hakutazami.”

Akaaga, akatoka. Mwongozaji akageuka kunitazama mimi, wa mwisho. Nikamwambia bibi anaona, na kwamba miguu ya kamera yake imeziba njia ya wateja wangu. Hakuwa na lingine la kufanya. Alibaki na bibi mkali, mjukuu mwenye mdomo wazi na ndoo zilizopendeza, na huko kwao mtu akazipatia maelezo ya wake wenza.

Jioni nilimfumua bibi nywele. Ni rahisi kukiri kosa ukiwa nyuma ya mtu.

“Bibi, zile ndoo nilizihamisha mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa ajili ya rangi. Za njano huku, za bluu huku.”

Nikafumua mpaka utosini, ndipo akauliza, “Zilipendeza?”

“Zilipendeza, Bibi.”

Akarudisha mkono nyuma, akanifinya paja finyo ambalo alama yake ilikaa wiki. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, “Wamejua, mke mwenzangu? Watu. Kuhusu macho.”

“Hawajui.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja, Bibi.”

Akashusha pumzi ndefu, akanipa kichwa nimalizie. Kama aliniamini, au kama alikuwa ananilinda kama wale wengine, sikuuliza.

Jumapili mkutano ulijaa. Mwenyekiti akasoma ajenda ya Karani, na Karani akasimama, akakohoa, akaeleza kwa masikitiko kwamba kopo la rangi lilikuwa limekauka ndani kwa ndani, na kwa hali hiyo anaiondoa hoja yake. Akakaa. Lile kopo nililiona dirishani kwake siku ileile, halijafunguliwa hata mfuniko.

Siku ya maji iliyofuata alikuja mapema, ndoo mkononi. Nilikuwa nafagia mlangoni kwangu. Hakuiweka chini. Alisimama mbele ya bibi akasogea kushoto kidogo, akarudi kulia, akatazama huku na huku kama kuna anayemtazama, na mtaa mzima ulikuwa umepata ghafla kitu cha kushughulika nacho. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akanyoosha mgongo.

“Mama,” akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. “Mimi Karani Mstaafu. Nimewasilisha ndoo moja. Nipo nyuma ya fundi saa.”

Bibi aligeuza uso, ukatua karibu na bega lake. Nikamwona anahesabu, si ndoo, ni kama miaka.

“Karani,” akasema mwishowe, chini kwa chini. “Nyuma ya fundi saa.” Kisha kwa sauti: “Haya, weka.”

Maji yalikuja alasiri. Yeye alikuwa amekaa kivulini na gazeti lake, amejiandaa kusubiri mpaka mwisho kama kawaida. Alipoitwa, wa kumi na nne, alisimama haraka hata gazeti likaanguka. Akakinga. Ndoo ikajaa mpaka ukingoni, naye akaisogeza kando, akasimama nayo palepale. Nyuma yake walikuwa watu zaidi ya arobaini hawajachota. Aliwatazama, akaitazama ndoo yake, akawatazama tena, na hakuondoka, maana tangu ahamie mtaani hakuwahi kubeba maji akamwacha mtu bombani.

“Nenda, bwana,” dobi akamwambia. “Unaziba njia.”

Akaenda. Alitembea polepole, maji yanammwagikia kwenye suruali iliyopigwa pasi, na kabla ya kufika kwake aligeuka nyuma mara mbili.